Mapenzi Katika Televisheni

Televisheni iliingia nyumbani kwetu mwaka 1996, miaka miwili tu baada ya vituo vya kwanza kuanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Wazanzibari walikuwa wametutangulia tangu miaka ya 1970, tena kwa rangi. Nilikuwa mwalimu mkuu, na kila jioni sebule ilijaa watoto wangu na wa majirani. Wapenzi wa kwenye mchezo wakianza tu kusogeleana, mimi husimama mbele ya kioo nikijidai natafuta miwani, na mama watoto hukumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni. Watoto hukohoa.

Niliamini kwamba nalinda adabu. Mwaka 2003 ndoa ya mwanangu wa kwanza ilipoyumba, nilimwita nimpe nasaha. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, “Baba, mimi sijawahi kukuona umemshika mama mkono.” Sikuwa na jibu.

Tangu nistaafu nimepata wasaa wa kusoma habari za sinema, na nimegundua kwamba Wamarekani nao walikuwa na mtu wao wa kusimama mbele ya kioo. Kanuni za maadili za watengenezaji filamu wa Hollywood zilipitishwa 1930, zikaanza kusimamiwa kwa ukali 1934, na zikadumu hadi 1968. Mabusu ya tamaa yalikatazwa. Basi mwaka 1946 Alfred Hitchcock akatengeneza filamu ya Notorious, ambamo Ingrid Bergman na Cary Grant wanabusiana kidogo, wanaachana, wanabusiana tena, na katikati wanazungumzia kuku wa chakula cha jioni, huku bwana akipiga simu hotelini. Ninachokumbuka mimi ni yule kuku. Watu wanaoulizana watakula nini wana nia ya kuwa pamoja hata baada ya busu kwisha.

Sisi wa pwani tuliokulia kwenye sinema za Kihindi tulifundishwa somo hilo bila kujua. Devika Rani na Himanshu Rai walibusiana waziwazi katika Karma ya 1933, lakini baada ya uhuru wa India wakaguzi walibana, na mapenzi yakahamia kwenye mvua, nyimbo na mbalamwezi. Awaara, ya 1951, iliyopendwa mno huku kwetu, inawaweka Raj Kapoor na Nargis ndani ya mashua chini ya mwezi. Niliiona Tanga nilipokuwa nasomea ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa nimekaa viti viwili mbali na mwanachuo mmoja wa kike. Mengi ya filamu ile yamenitoka. Halijanitoka hili: tulipofika nje alinipangusa chaki begani, chaki ya tangu asubuhi, wala hakukatiza habari aliyokuwa akisimulia ya basi la kurudi chuoni. Huyo ndiye mama watoto.

Mwaka juzi binti yetu alituletea diski za Pride and Prejudice, mchezo wa BBC wa 1995 wenye sehemu sita, ulioandikwa na Andrew Davies kutokana na riwaya ya Jane Austen ya 1813. Watu wengi wanausifu kwa sababu ya shati lililolowa la Colin Firth. Mke wangu alicheka tu, akasema kijana atapata mafua. Lililomnyamazisha ni tukio jingine. Georgiana, dada mdogo wa Darcy, yuko kwenye piano. Mgeni mwenye kijicho anamtaja mwanamume ambaye siku za nyuma alitaka kumtorosha binti huyu, na vidole vya binti vinakosea. Elizabeth anaijua siri hiyo, kwa maana Darcy mwenyewe alimwandikia. Anainuka, anaomba radhi kwamba amemwacha mpigaji bila wa kumgeuzia kurasa, anasimama kando yake. Darcy anamtazama kutoka upande wa pili wa chumba, naye anamtazama. Basi.

Katika riwaya maneno ya mgeni yamo, lakini piano haimo. Imeongezwa, na nadhani waliifanyia kazi nzuri. Mwandishi aweza kutuambia moyo unasema nini, ila kamera inahitaji mkono unaotenda jambo. Tunamwona Darcy akimpenda mtu aliyemstiri dada yake, na mtazamo ule unabeba uzito ambao busu lao, linalokuja mwishoni kabisa ndani ya gari la farasi wakiwa wamekwisha kuoana, halihitaji tena kuubeba. Mimi nilikuwa nazuia vyote kwa pamoja, busu na piano.

Mke wangu alipata kiharusi mwaka 2019. Mkono wa kulia hauna nguvu, na kila asubuhi mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya gauni, kazi niliyoianza kwa aibu nikiwa nimefunga mlango. Usiku ule wa diski aliniomba nirudishe penye piano. Nikahangaika na rimoti, nikapapata, nikakaa tena na kuushika mkono ule. Mlangoni mjukuu akakohoa. Sikuuachia.