Kisiwa cha Mzee Saanane

Wageni watokao pwani wakifika Mwanza hudhani wameshuka kwenye maji ya bondeni, kumbe wamepanda siku nzima. Uso wa ziwa letu uko mita 1,134 juu ya bahari, yaani ni maji yaliyoinuliwa pamoja na nchi yake. Na yule Mwingereza John Hanning Speke, alipotoka Kaze, ndiyo Tabora ya leo, akasimama juu ya kilima karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, aliona maji yasiyo na ng'ambo. Wenyeji waliyaita Nyanza. Yeye aliyapa jina la malkia wake, Victoria, ambaye hakupata kuyaona hata siku moja. Naye Speke mwenyewe alikaa siku chache tu, akarudi.

Basi twawaomba wasomaji wetu wakitazame kisiwa kimoja kidogo, kama kilomita 2 toka mjini, kilichopata jina kwa njia nyingine. Watu wengi huenda huko kupumzika, wakavushwa kwa mashua toka Capri Point, wakapanda majabali, wakawatazama swala, pimbi, tumbili na ndege wa majini. Watoto wetu wa shule hudhani chaitwa Saanane kwa sababu mashua huondoka saa nane! Tukiwaambia kwamba Saanane ni mtu, hucheka.

Naam, alikuwa mtu. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima, na kisiwa kile kilikuwa makao yake na shamba lake. Mwaka 1964 Serikali ilikitaka kiwe mahali pa wanyama, bustani ya kwanza ya namna hiyo katika nchi yetu. Mzee akapewa fidia, akahama. Mahali alipolima pakaletwa wanyama wa porini, wengine wakangoja hapo kabla ya kuvushwa mbali hata Rubondo, kisiwa kikubwa cha upande wa magharibi.

Huko Rubondo nako wavuvi walikuwa wamehamishwa. Kisha tangu mwaka 1966 wakafunguliwa msituni sokwe waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya, nao wakazaana. Kisiwa hicho kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Saanane ikapata cheo hicho mwaka 2013.

Sisi hatusemi kwamba ilikuwa vibaya kuwatunza wanyama. Misitu ya Rubondo ingalipo, na ni jambo la kufurahia. Lakini fidia hulipa shamba na nyumba, hailipi kusahauliwa. Mwalimu apelekaye watoto Saanane awaoneshe swala, kisha awaketishe juu ya jabali, awaambie habari za mvuvi yule kabla mashua haijarudi kuwachukua. Wala wasisahau kuuliza nyumbani ni nani waliokaa katika visiwa vingine kabla yetu, maana wazee wajuao hayo wanapungua.