Rejista ya Theta na Historia ya Hospitali ya Wilaya

Anayetaka kuandika historia ya hospitali ya wilaya nchini Tanzania hupelekwa kwanza kwenye jiwe la msingi. Jiwe humpa tarehe na jina la mgeni rasmi. Baada ya hapo huhesabu wodi, hutaja maabara, eksirei na famasi, akaondoka. Nashikilia kwamba historia ya namna hiyo inaliacha nje jambo lenyewe. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu pingamizi saa nane za usiku, zahanati ikampa rufaa, hapelekwi wilayani kufuata majengo. Anamfuata mtu awezaye kumpasua. Siku hizi vituo kadhaa vya afya navyo vinapasua, lakini kwa miongo mingi kazi hiyo ndiyo iliyoitenga hospitali ya wilaya na ngazi zilizo chini yake. Mtu huyo alikuwa nani, na alipatikanaje?

Ukoloni haukumwandaa. Wajerumani walikamilisha hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyotokana na fedha za mfanyabiashara Sewa Haji, ambaye jina lake limebaki kwenye jengo la wodi pale Muhimbili. Mwafrika aliyefanya kazi katika hospitali za bomani mara nyingi alikuwa dresa, mfunga vidonda. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba nchi ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo 12.

Kwa hesabu hiyo, kungoja kila wilaya ipate daktari mwenye shahada kungekuwa kuwaacha kina mama wafe. Kuanzia mwaka 1963 nchi ilishika njia nyingine: tabibu aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa alirudishwa darasani kwa miaka miwili, ikiwamo miezi mitatu ya upasuaji na mitatu ya uzazi, akatoka akiwa daktari msaidizi. Cheo hicho, kwa maoni yangu, kimeipotosha historia nzima. Neno “msaidizi” linamfanya msomaji adhani kulikuwa na mkubwa wake kando, akimwelekeza. Mara nyingi hakuwapo. Usiku ule theta, yaani chumba cha upasuaji, ilikuwa na yeye, muuguzi wa usingizi, mkunga wa kumpokea mtoto, na ndugu wa mgonjwa wakisubiri maabara wapimwe damu.

Wapo waliomwona daktari huyu kama kiraka, tiba ya daraja la pili kwa watu wa vijijini. Nawaelewa, kwa kuwa hofu yao ilikuwa ya haki: kwa nini mwanamke wa Kigoma apasuliwe na mtu ambaye wa mjini asingemkubali? Lakini hofu hiyo ilikwisha kupimwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulipitia kumbukumbu za hospitali 14 za Mwanza na Kigoma. Kati ya operesheni kubwa za uzazi 1,072, nyingi mno zilifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa kiasi cha maana na ya madaktari wenye shahada. Kwa kina mama wa mikoa hiyo miwili, huyu ndiye aliyekuwa hospitali.

Jambo hili lina uzito leo. Katika mwaka wa fedha 2018/19 serikali ilianza kujenga hospitali mpya 67 za wilaya kwa mpigo. Ni hatua kubwa, na mama aliyekuwa akisafirishwa umbali mrefu kwa pikipiki anaijua thamani yake kuliko mimi. Hata hivyo ukuta huinuka kwa miezi, ilhali mkono wa mpasuaji na jicho la mtoa usingizi hulelewa kwa miaka. Takwimu za maendeleo zinazohesabu majengo pekee zinarudia kosa la wanahistoria wa jiwe la msingi.

Chanzo bora kipo, nacho ni rejista ya theta: daftari kubwa lenye mistari ya mkono, jalada limelegea, kurasa zina madoa ya aidini. Safu zake ni tarehe, jina, umri, aina ya operesheni, aliyepasua, aliyetoa usingizi, hali ya mama, hali ya mtoto. Ukifuata safu ya aliyepasua mwezi baada ya mwezi, unaona jina moja likijirudia kurasa nzima. Likikatika ghafla, labda kwa uhamisho au likizo, tazama wiki zinazofuata: operesheni zinapungua, wakati mimba hazikupungua. Waliopewa rufaa katika wiki hizo hawamo humo. Wanapaswa kutafutwa katika daftari la rufaa la zahanati. Madaftari haya mawili yanapaswa kusomwa pamoja, na yasipohamishwa kutoka stoo zinazovuja kwenda kwenye nyaraka za halmashauri, mvua na mchwa watayamaliza kabla hatujayafungua.