Kamarampaka: Jina la Kura ya 1961 na Tatizo la Kulitafsiri

Msemaji wa Kiswahili aliyevuka daraja kutoka Bukavu, akiusikia uwanja wa michezo wa Rusizi ukiitwa Kamarampaka, hudhani unahusu mipaka. Sivyo. Katika Kinyarwanda impaka ni ubishi na kumara ni kumaliza. Kamarampaka, basi, ni kimaliza-ubishi, jina la kura ya 25 Septemba 1961. Makala haya yanauliza ni ubishi upi uliokwisha.

Tangu Novemba 1959 Rwanda ilikuwa mikononi mwa Kanali Guy Logiest, aliyeletwa na askari wa Force Publique kutoka Kongo kuzima machafuko. Mwezi uliofuata cheo chake cha kijeshi kiligeuzwa kuwa cha kiraia. Mtu alibaki yuleyule. Chini yake machifu wengi wa Kitutsi waliondolewa na nafasi zao wakapewa Wahutu, na tarehe 28 Januari 1961, mjini Gitarama, madiwani na wakuu wa komuni walitangaza jamhuri kwa ridhaa ya utawala wake. Umoja wa Mataifa, kwa Azimio 1605, ulitaka wananchi wenyewe waulizwe: je, mnataka ufalme udumu? Na kama ndiyo, mnamtaka Kigeli wa Tano?

Takriban asilimia 80 waliukataa. Siku hiyohiyo PARMEHUTU ilipata viti 35 kati ya 44 vya Bunge. Hatupingi hesabu hizo, kwani ufalme ulikuwa umepoteza wengi. Lakini kura ilijibu swali la kiti cha enzi tu. Swali la nani ni raia halikuwamo kwenye karatasi, na maelfu waliolibeba swali hilo walikwisha kukimbilia Kongo, Burundi, Uganda na Tanganyika. Mauaji ya Desemba 1963 yalithibitisha kuwa ubishi ulikuwa hai.

Katika kutafsiri matini za kufundishia nimewahi kuandika “kura ya suluhu”. Nilikosea: suluhu huhitaji pande mbili zilizokaa pamoja, ilhali kumara impaka kwaweza kuwa kumnyamazisha mmoja. Kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, wanaoshauri kuhusu mitaala watakabiliwa na jina hili. Tunapendekeza Kamarampaka libaki kama jina mahususi, bila kutafsiriwa, na kando yake paandikwe “kura ya maoni kuhusu ufalme, 1961”.