Risasi Iliyokuwa Upande wa Pili

Mashine ya kusaka chuma tunaijua sote. Askari wa uwanja wa ndege anakupitishia kiunoni, inalia, unatoa funguo na sarafu. Wachimbaji wadogo kule Chunya wanaitembeza juu ya udongo wakisikiliza dhahabu. Lakini jaribio lake lililovuma kuliko yote lilifanywa juu ya mwili wa rais aliyekuwa akifa taratibu, na mwenye mashine alikuwa Alexander Graham Bell, yule yule wa simu.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mbili katika stesheni ya reli mjini Washington. Moja ilimparuza mkono. Ya pili iliingia mgongoni upande wa kulia, ikapotelea mwilini. Aliyempiga, Charles Guiteau, alikuwa amejiaminisha kwamba anastahili kupewa ukonseli wa Paris, akanyimwa. Basi madaktari wakaanza kuitafuta ile risasi kwa vidole. Vidole visivyooshwa, msomaji! Joseph Lister alikwisha kuandika juu ya usafi wa vidonda tangu 1867, ila waganga wengi wa Marekani walimwona mzushi tu. Na eksirei haikugunduliwa mpaka 1895.

Bell alikuwa na miaka 34. Aliposikia habari hizo aliacha shughuli zake, akakesha maabara pamoja na fundi wake, Sumner Tainter. Walichounda kilikuwa misokoto miwili ya waya. Mmoja ulipitishiwa umeme wa kukatwakatwa, wa pili ukaungwa na simu. Ikipangwa sawasawa, simu inanyamaza kimya. Ukileta kipande cha metali karibu, ule usawa unavurugika na simu inaanza kunong'ona. Walijaribu kwa askari wa zamani waliokuwa bado wanatembea na risasi za vita vya wenyewe kwa wenyewe mwilini, na simu ikanong'ona. Tatizo ni kwamba risasi ile ilikuwa ya madini ya risasi kweli (Kiswahili chetu hapa kimesema yote kwa neno moja), na madini hayo huiamsha mashine kidogo sana kuliko shaba au fedha.

Jioni ya tarehe 26 Julai wakaingia Ikulu. Garfield alikuwa amelala, uso umekuwa kijivu. Bell akaweka simu sikioni, na badala ya kimya akasikia mchakato usiokoma, kama kitu kinachokaangwa. Usiku ule ule akagundua kwamba kifaa kimoja cha kuhifadhi umeme kilikuwa kimeungwa upande mmoja tu. Fikiria hali yake, jamani. Rais yuko mbele yako, magazeti ya nchi nzima yanasubiri, na waya mmoja umekuvunjia heshima.

Tarehe 1 Agosti akarudi. Safari hii mashine ilikuwa sawa. Akasikia sauti hafifu, lakini ilitokea juu ya eneo pana mno kwa kitu kidogo namna ile. Kesho yake akaambiwa kwamba chini ya godoro la manyoya ya farasi palikuwa na godoro jingine la waya za chuma. Hapo ndipo wasimuliaji wengi wanapomalizia: kumbe ni godoro!

Mimi sikubaliani nao sana. Bell mwenyewe aliagiza godoro kama lile, akalichunguza, akaona halitoshi kueleza alichosikia. Kwangu mimi kizuizi kikubwa kilikuwa daktari mkuu, Willard Bliss. Yeye alikwisha kuamua kwamba risasi iko kulia, na mashine ikaruhusiwa kupita kulia tu. Baada ya jaribio akatangaza kwamba Bell amethibitisha kauli yake. Mgonjwa akazidi kuungua homa na usaha, nyama zikamwisha mwilini.

Garfield alifariki tarehe 19 Septemba 1881. Alipopasuliwa, risasi ilikutwa kushoto kwa uti wa mgongo, nyuma ya kongosho, imejifungia salama. Guiteau alidai mahakamani kwamba madaktari ndio waliomwua. Hakusikilizwa, akanyongwa tarehe 30 Juni 1882. Ila hata mwendawazimu huokota neno la kweli.

Bell naye hakupona na mwaka ule. Tarehe 15 Agosti, rais akiwa bado kitandani, mkewe Mabel alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati. Mtoto alishindwa kuvuta pumzi, akafa siku hiyo hiyo. Baba yake akarudi maabara, akaanza kuunda koti la chuma la kumsaidia mtu kupumua.