Ukumbusho na Makumbusho: Habari za Jina la Nyumba Moja ya Nairobi

Katika lugha yetu kitenzi kukumbusha kimezaa majina mawili yaliyo ndugu, wala si mapacha. Ukumbusho ni kitu kiwekwacho ili mtu au jambo fulani lisisahauliwe, kama jiwe la kaburini. Makumbusho ni nyumba ya vitu vya kale na vya ajabu, iliyo wazi ili watu watazame na kujifunza. Iko nyumba moja Nairobi iliyokuwa yote mawili kwa miaka 34, na habari zake zawafaa walimu wapelekao watoto kuitazama. Wanafunzi wangu, wafikapo mlangoni, huuliza kwanza: Nyumba hii ni ya nani?

Asili yake ni chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe, kilichoanzishwa mwaka 1909. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo mapadre wawili wa C.M.S.: Harry Leakey wa Kabete, na Kenneth St. Aubyn Rogers, aliyekuwa hodari wa kukusanya vipepeo. Vitu walivyokusanya vilihamishwa mara moja au mbili, hata mwaka 1930 vikapata jengo jipya kilimani. Sir Robert Coryndon, gavana wa Kenya, alikuwa amefariki Nairobi mwaka 1925, nalo jengo likaitwa kwa jina lake.

Desturi ya watu wa pwani ni kumpa mtoto jina la babu au la rafiki wa wazazi, na wenye jina moja huitana somo. Basi gavana akawa somo wa nyumba. Walakini somo huchaguliwa na ukoo, na ukoo uliochagua hapa ulikuwa wa watu wachache. Ndege, wanyama na wadudu waliomo walitoka katika misitu na mbuga za watu wengi, ambao hawakuulizwa neno.

Mwaka 1941 nyumba ilipata msimamizi mpya, Louis Leakey, mwana wa yule padre wa Kabete. Alizaliwa huko mwaka 1903, akakua pamoja na vijana wa Kikuyu, hata akaingizwa katika rika lao. Yeye ndiye aliyewafungulia Waafrika na Wahindi milango, wakati ambapo shule na hoteli za mji zilitengwa kwa rangi. Nadhani jambo hilo ni kubwa kuliko kubadili jina, wala lisisahauliwe. Hata hivyo, kwa muda wa miaka 20 na zaidi, mtoto wa Kiafrika aliingia kutazama vitu vya nchi yake kwa ruhusa, chini ya jina la mgeni.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963, na mwaka 1964 jina likabadilishwa, ikawa Makumbusho ya Kitaifa. Hapa nawasifu waliokata shauri. Barabara ya Delamere ilipewa jina la Kenyatta, yaani mkubwa mmoja alimpisha mwingine. Lakini nyumba hii haikupewa somo mpya. Ilipewa watu wote.

Neno taifa lenyewe lina safari yake. Limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni kundi au sehemu ya watu, na katika Kiswahili cha zamani lilitumiwa pia kwa kabila. Neno lililokuwa likitenga limekuja kukusanya. Wakenya husema ya Kitaifa, Watanzania ya Taifa. Mimi napenda hili la pili, kwa kuwa lamtaja mwenye mali waziwazi.

Wako wasemao kwamba kuondoa jina ni kumdhulumu marehemu. Sikubali. Habari za Coryndon zaendelea kusimuliwa katika historia ya nyumba. Kilichoondolewa ni ukumbusho wake mlangoni, ili makumbusho yabaki makumbusho.

Dar es Salaam nako palikuwa na jambo kama hilo. Makumbusho yaliyofunguliwa huko mwaka 1940 yaliwekwa kwa ukumbusho wa mfalme George wa Tano, na baada ya uhuru yakaitwa Makumbusho ya Taifa. Baadaye yaliongezewa maneno mengine, na Nyumba ya Utamaduni, na ngoma na michezo ya kuigiza ikapata mahali humo.