Wagonjwa Wasioingia Kitabuni

Bonde letu la Ufa limetoa jina kwa ugonjwa. Mwaka 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, kondoo walitupa mimba na wana-kondoo wakafa kwa wingi. Daubney na wenzake walichunguza, na mwaka 1931 wakachapisha habari za kirusi kipya: Homa ya Bonde la Ufa. Hata watu walioshika kondoo wale waliugua homa. Je, wagonjwa ni wangapi? Swali hilo si jepesi mpaka leo.

Mwisho wa 2006, baada ya mvua kubwa, homa hiyo ilizuka Garissa, kisha ikaonekana Pwani na huku kwetu Baringo. Idd-ul-Adh'ha ilikuwa imekaribia, na watu wakaogopa kuchinja. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa, kuanzia 30 Novemba 2006 hadi 12 Machi 2007, Kenya iliripoti wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki. Piga hesabu: ni 23 katika kila 100. Karibu mmoja kwa kila wanne!

Lakini ngoja kidogo. Hao 684 ni akina nani? Ni wale waliofika hospitali au kufikiwa na wahudumu, wakaonekana wana dalili, wakaandikwa. Waliothibitishwa maabara walikuwa 234 tu. Sasa yule mchungaji aliyeshikwa na homa siku chache, akapona, akarudi malishoni, yuko wapi? Hayumo kitabuni. Na wengi wanaoambukizwa ni kama yeye.

Katika mlipuko wa 1997 na 1998, watafiti hawakungoja wagonjwa waje. Walichagua watu bila kubagua mgonjwa na mzima, wakatafuta alama za ugonjwa katika damu zao, kisha wakakadiria kuwa wilaya ya Garissa peke yake ilikuwa na walioambukizwa 27,500. Ukiwahesabu wote walioambukizwa, wanaofariki kwa kawaida huwa chini ya 1 katika 100.

Basi, kuna aliyedanganya? La. Kila hesabu inajibu swali lake. Ya kwanza inaonyesha wagonjwa mahututi wako wapi, ili dawa na madaktari wapelekwe. Ya pili inaonyesha kirusi kimeenea kiasi gani. Hatari ni kuzichanganya. Na hatari kubwa zaidi ni kudhani kwamba kijiji kisicho na zahanati, kilichoandikwa sifuri, hakina mgonjwa.

Ndugu yangu, Suratul Hujurat inatuamrisha tuhakiki habari. Ukisikia takwimu, uliza: nani alihesabiwa, nani alipimwa, nani hakufikiwa? Na ukiona mifugo ya jirani inatupa mimba kwa wingi, usinyamaze. Mwambie daktari wa mifugo. Hapo ndipo hesabu ya kweli inapoanzia.