Giaboksi imara kwa pikapu iliyoongezwa nguvu

Pikapu ya otomatiki iliyofungwa turbo au injini kubwa huweza kuunguza giaboksi yake ya awali, hasa ikipanda milima ya Kigali na mzigo. Kwa Toyota, A750 ya gia tano ni imara kuliko A340 ya gia nne, ila haiingii moja kwa moja. A750E ni ya kuvuta magurudumu mawili, A750F manne.

Ukinunua Gatsata au Dubai, dai tokikonveta, kompyuta na nyaya zake, na hakikisha inapatana na injini yako. Pima propela upya. Ongeza rejeta ya kupoza oili, maana joto ndilo huua giaboksi.

Katika hesabu, jumlisha usafirishaji, ushuru na fundi, kisha linganisha na hasara ya mzigo kulala njiani.